Nililegeza Nyuzi za Raketi ya Mdogo Wangu

"Nje!"

Mwamuzi alipaza sauti, na mdogo wangu akapiga raketi chini mpaka fremu ikapasuka.

Uwanja mzima kimya...

Jamani, wengine walinyamaza kwa huruma. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilijua kwa nini ule mpira umetoka nje.

Mimi ndiye niliyeutoa!

Subirini, msinitukane kwanza. Nisikilizeni.

Mdogo wangu huyu wa kike ni mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Mashabiki wanamwita Chuma, kwa ajili ya ule mkono wake wa kulia. Mimi ni kaka yake na ndiye fundi wake: nafunga na kukaza nyuzi za raketi zake kwa mashine, tangu hajaanza kulipwa hata senti.

Kazi yangu iko hivi. Nyuzi zikikazwa sana, mpira unakutii, lakini kishindo chote kinaingia mkononi. Zikilegea, mkono unapumzika, ila mpira unaruka mbali kuliko ulivyotaka.

Chuma alipenda zilizokazwa mpaka zinalia. Kiwiko kikaanza kuuma. Akafunga bandeji, akaweka barafu, akacheza hivyo hivyo. Siku moja kano ya kiwiko ikachanika.

Upasuaji. Miezi ya kukamua kimpira laini huku machozi yanamtoka. Hata kikombe kilimshinda! Nilijifunza hadi kumsuka nywele. Nilimsuka vibaya, akajiangalia kwenye kioo, tukacheka mpaka mama akaja kuuliza kulikoni.

Hatimaye dokta wa viungo akatuita.

"Kiwiko kimepona. Ila nyuzi zilegezwe. Akirudia zile za zamani, tutarudi kwenye kisu."

Chuma akaruka.

"Zilegezwe? Hiyo itakuwa raketi au chandarua?"

"Chuma, msikilize dokta," nikasema.

"Kaka, usithubutu! Kama zamani au siendi uwanjani!"

Akatoka. Dokta akanishika bega.

"Fundi ni wewe. Ongea naye."

Mimi nikasikia "fundi ni wewe." Hayo ya kuongea yakapita sikio la pili.

Siku ya kwanza ya mazoezi nikamkabidhi raketi.

"Umezikaza kama zamani?"

"Kama zamani," nikajibu, macho yakiwa kwenye koleo langu.

Nilikuwa nimezilegeza. Zote!

Akarudi mashindanoni. Nje! Nje! Nje! Akatolewa mechi ya kwanza. Mashindano yaliyofuata, vilevile. Kocha akambadilisha namna ya kusimama, akambadilisha namna ya kushika raketi. Wapi!

"Mkono hauko sawa," alikuwa anasema kwenye gari. Mimi naangalia dirishani. Kila siku najiambia leo namwambia... halafu nakumbuka kile kikombe kilivyokuwa kinamponyoka, nameza maneno yangu.

Mpaka siku ile ya raketi kupasuka.

Nilimkuta kwenye korido, amekaa sakafuni, begi miguuni.

"Nastaafu, kaka. Kesho nawaita waandishi wa habari."

Moyo ukanipasuka. Ndiyo maisha yake haya! Hajui kingine, hapendi kingine, na mimi ndiye ninayemnyang'anya.

"Chuma, mkono wako mzima."

"Acha kunifariji."

"Ni nyuzi! Nimekuwa nazilegeza. Tangu umerudi. Nilikudanganya!"

Nikangoja kofi. Nilikuwa nalistahili.

Badala yake akavuta raketi kwenye begi, akaiweka karibu na sikio langu, akagonga nyuzi kwa kiganja.

"Unasikia?"

Sauti nzito, ya nyuzi zilizolegea.

"Nasikia."

"Na mimi nasikia. Tangu siku ya kwanza."



"Ulijua?! Mbona hukusema?"

"Nilikungoja wewe useme." "Hujawahi kunidanganya, kaka. Nikajiuliza, sasa ananidanganya kwa nini? Kama ni ule ushauri wa dokta tu, angebishana na mimi waziwazi. Nikapata jibu moja tu. Dokta kakwambia mkono umekufa, mmekubaliana kunificha, nichezecheze mpaka nizime taratibu."

"Hapana! Chuma, hapana!"

"Nyuzi zilizolegea mchezaji anazizoea, kaka, hilo unalijua. Kilichotoa ile mipira nje ni woga. Nilikuwa napiga kwa mkono niliodhani ni maiti!"

Akampigia dokta simu hapohapo, akaiweka kwenye spika ili na mimi nisikie.

"Dokta, niambie ukweli. Mkono wangu umekufa?"

"Nani kakwambia? Mzima kuliko wangu! Kwani kaka yako hakuongea na wewe kuhusu zile nyuzi?"

Chuma akanitazama. Sikuwa na pa kuficha uso. Tulilia wote wawili, ila machozi yangu yalikuwa na aibu ndani yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilificha dawa, na kilio kikanifichua vilevile.

Hakustaafu. Alichagua mwenyewe kuendelea na nyuzi zilizolegea, kumbe alihitaji tu kuelezwa kama mtu mzima! Kiwiko hakijamsumbua tena. Ameanza kushinda.

Ila fundi wake sasa ni mwingine.

"Wewe ni kaka yangu mpaka kufa," aliniambia. "Ufundi, nisamehe, hapana."

Sikubishana. Ningebishana kwa mdomo upi?

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu unamficha jambo eti unamwonea huruma, mwambie leo. Usipomwambia, atajijibu mwenyewe, na atajipa jibu baya kuliko ukweli wenyewe. Usimuuguze mtu kwa uongo.

Juzi nilikuwa jukwaani na mama. Chuma akapiga mpira ukagusa mstari. Ndani! Watu wakasimama, na mimi nikapiga kelele mpaka koo likakauka.

Halafu akabadilisha raketi. Kabla hajaitumia, akaisogeza sikioni, akagonga nyuzi kwa kiganja, akasikiliza.

Zamani hakuwa anafanya hivyo. Zamani alikuwa anaipokea tu mkononi mwangu na kuingia uwanjani.