Jivu Chini ya Kibanda cha Njiwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Aaliyah aliwapa njiwa mtama. Kibanda chao kilisimama juu ya nguzo nyuma ya nyumba, jirani na msikiti mjini Kitale. Siku hiyo makinda mawili kati ya matatu hayakuwepo. Hapakuwa na damu wala unyoya.

Paka angeacha manyoya. Basi ni mtu, aliwaza. Na ni nani aliyekuja Jumamosi kuyatazama, akauliza kama njiwa huliwa? Jelimo, mwenzake wa dawati moja.

Shuleni alimnong'onezea rafiki yake Mary Ann peke yake. Mary Ann naye akawanong'onezea wengine. Kufikia saa nne, kijana mmoja alimwuliza Jelimo, "Supu ya njiwa ilikolea chumvi?" Jelimo alikusanya vitabu, akaenda zake. Siku zilizofuata hakuja. Majirani walisema ati wazazi wake wanataka kumhamishia kwa shangazi yake, Bungoma.

Hawo, mama yake Aaliyah, alimwita bintiye. "Ulimwona akichukua?"

"Sikumwona, Mama. Lakini si ni yeye tu?"

Jioni Mama alimwaga jivu kuizunguka nguzo, kama walivyofanya kwao ghalani, ili anayepita aache alama.

Asubuhi kinda la mwisho lilikuwa limetoweka. Jivu lilikuwa laini, halina hata alama ya panya. Aaliyah akainua macho. Tawi la mparachichi lilikuwa limelalia paa la kibanda, na juu yake alijinyoosha nyoka wa kijani mwenye mkia mweusi, tumbo limevimba.

Mama alimvuta Aaliyah ndani, akampigia simu afisa wa wanyamapori, Bwana Rotich, ambaye alimnasa nyoka kwa fimbo ndefu huku mtaa mzima ukichungulia uani. Aaliyah alidhani nyoka wa kijani ni wa Pwani tu, kwenye joto. Rotich alimweleza kwamba Pwani wana wao. Hawa ni wa misitu ya magharibi, kutoka Elgon hadi Kakamega. Msitu ukikatwa, hubaki katika miti ya mashamba na ya nyumbani. Sumu yao ni kali, na chini hushuka mara chache.

Mchana huo Mama alimpeleka kwa kina Jelimo kuomba radhi. Jelimo alisikiliza, kisha akasema, "Hapa umeniomba msamaha. Lakini jina la mwizi nilipewa darasani."

"Ana haki," Mama alisema. "Kushuku kila mtu hushuku, mwanangu. Ila chunguza kwanza, ndipo useme."

Jumatatu Aaliyah alisimama mbele ya darasa, akaeleza yote. Alipomaliza, Jelimo, aliyekuwa amerudi shuleni siku hiyo, alisogea, akampa nafasi kwenye dawati.