Maandishi ya Rubani Vollrath

Katika chumba kile kiyoyozi hakizimwi mwaka mzima, kwa sababu karatasi kuukuu hazipendi joto. Ndiyo maana Kondo alishtuka, saa nne asubuhi, alipofungua kitabu kipya cha bosi na kukuta ukurasa mmoja una joto kama paji la mtoto mwenye homa. Akagusa wa kabla yake: baridi. Wa baada yake: baridi. Akarudi katikati. Moto.

Kondo, mtu wa Handeni, alikuwa na mwaka wa tisa katika villa ile ya Al Warqa, ughaibuni kwa Waarabu. Bosi wake, Thamer, alikusanya vitabu vya maelekezo ya ndege za kivita za Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili, vile walivyopewa marubani wajue injini inawashwaje na bomu linaachiwaje. Vya kughushi ni vingi kuliko vya kweli, na Kondo ndiye aliyevitenga. Aliingia chumba kile na ufagio. Akajifunza mwenyewe, muhuri baada ya muhuri, mpaka wakusanyaji wa nchi za mbali wakawa hawaamini kitabu bila sahihi yake.

Hiki kilisifiwa kwa maandishi ya wino pembezoni, ya rubani aitwaye Vollrath, aliyeungua pamoja na ndege yake. Kondo alifunga mapazia, akawasha taa ya zambarau. Chini ya taa hiyo karatasi ya zama zile hufifia. Iliyotengenezwa baadaye hung'aa. Kurasa ziling'aa zote kama meno, isipokuwa ule wenye joto. Mtu alipata karatasi moja ya kweli, akaishonea uongo pande zote.

Hapo ndipo harufu ilipokuja: petroli, na nywele zilizoungua.

Daisy, Mkenya aliyefanya kazi za ndani, akachungulia mlangoni. "Kaka Kondo, unachoma nini humu?"

"Sichomi kitu."

"Na nani anatembea na mabuti huko juu?"

Walitazamana. Juu yao palikuwa na paa tu.

Mchana Thamer alikuja kuchukua cheti. Kondo akamwambia ukweli, karatasi moja tu ndiyo halisi.

"Wageni wangu wanakuja Alhamisi," Thamer alisema. "Nimeshawatangazia. Andika ni halisi chote."

"Siwezi, sir."

"Kafeel wako, mdhamini wako hapa, ni nani? Nikifuta visa yako leo, kesho uko Handeni na ufagio wako. Andika, khalas!" Akaubamiza mlango.

Hasira zikampanda Kondo. Miaka tisa! Macho yake yameharibika kwa taa ile, jina lake ndilo lililokipa chumba hiki heshima, na bado anatajiwa ufagio. Lakini alikuwa na watoto wawili shuleni. Akavuta karatasi ya cheti, akashika kalamu, na ilipogusa tu karatasi, mngurumo ukaanza kwenye kiyoyozi, mdogo kama wa nzi, ukapanda ukawa wa injini, na injini ikawa inashuka, inashuka kutoka mbali sana juu, huku kurasa zikijifunua zenyewe na wino wa yale maandishi ya kughushi ukitokota na kutiririka mezani kama lami, na nyuma ya shingo yake pumzi ya moto ikasema, polepole, kwa meno yaliyoumana, neno la Kijerumani alilolijua kuliko yote kwa sababu ndilo aliloliandika kwenye ripoti za wakusanyaji Wajerumani kila wiki, neno lenye maana ya uongo.

Kondo alitupa kalamu, akakifunga kitabu kwenye mfuko, akakimbilia teksi.

Mtaa wa Satwa alikuwako Mzee Shafiq, fundi cherehani wa asili ya Unguja, aliyewasomea dua watu walioshikwa na majini. Alikisikiliza kitabu kabla ya kukigusa, ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza mgonjwa.

"Maiti harudi, mwanangu," alisema. "Huyu ni karini wake. Kila mwanaadamu ana jini alozaliwa naye. Mtu akifa, yeye hubaki. Huyu anajua kila neno bwana wake aloliandika, na anajua ambayo hakuyaandika. Kavishwa uongo mwili mzima. Ana hasira, na mie sitomlaumu."

"Tufanyeje, maalim?"

"Tumvue."

Akasoma kwa sauti ya chini, na huku anasoma akafumua uzi wa kitabu, tundu kwa tundu, jasho likimdondoka puani. Ule ukurasa ulipotoka, harufu ikakatika. Kondo akaugusa. Ulikuwa baridi.

"Usishonwe tena humo," Shafiq alisema. "Mara ya pili hatonisikiliza."

Kondo alirudi, akaandika cheti chake: karatasi moja halisi, zilizobaki za kughushi. Akakiweka mezani pamoja na kurasa, akamweleza Thamer yote.

Thamer akawa mwekundu. "Umempa mshona suruali kitabu changu?" Akakichana cheti. Akachukua sindano na uzi wa kitani, akakishona kitabu mwenyewe, ule ukurasa wa kweli ukiwamo tena, akivuta uzi kwa nguvu kama anayemkaba mtu. Kisha akaandika cheti kipya na kughushi chini yake sahihi ya Kondo.

"Jina hilo ni langu!" Kondo alipiga kelele, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. "Chukua visa yako. Jina langu huna ruhusa nalo!"

"Yalla, toka!"

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ilimkuta kwa Shafiq. Alikuwa Daisy, ananong'ona. "Kaka Kondo, sir amejifungia chumbani tangu alfajiri. Anasema anaungua. Anataka kuongea na wewe."

Daisy akafungulia spika, akaibandika simu mlangoni, na sauti ya Thamer ikapasuka sikioni mwa Kondo. "Njoo ukifumue."

"Kifumue mwenyewe, sir. Ulikishona mwenyewe."

"Siwezi." Alikuwa analia. "Mikono hainisikii. Nikishika mkasi, inashika kalamu."

Hasira za Kondo zilikuwa bado zinachemka, na alitaka kukata simu. Akamkumbuka Daisy. "Daisy! Acha kila kitu, toka humo sasa hivi!"

Alisikia ndala zikikimbia, geti likibamizwa, kisha magari ya barabarani.

"Nimetoka," Daisy alisema, anahema. Kisha akaita jina la Mungu.

"Daisy?"

"Sir yuko dirishani, kaka. Anaandika kwenye kioo kwa kidole. Kizungu gani hicho, sikijui. Nywele zinamfuka moshi, kaka, na anaandika tu."

Mzee Shafiq alikuwa tayari amevaa kofia. Walipofika Al Warqa, kioo kizima kilikuwa kimejaa neno lile moja la Kijerumani, uongo, na dirishani hapakuwa na mtu, ila harufu ya petroli na nywele zilizoungua.