Mchumba Wangu Alinipa Unga, Akaninyima Mzizi

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na sioni haya kusema hivyo. Nawaandikia, wasomaji wenzangu, kwa sababu nimechoka kuambiwa ninyamaze!

Wakati huo nilikuwa nikisomea shahada ya pili ya kemia, nikiishi na mama yangu mjane mtaani Umoja. Kazi yangu ilikuwa kupima kemikali za asili zilizomo katika mizizi na uyoga. Nililoweka mizizi katika spiriti, nikachuja, kisha mashine ikausukuma mchujo ule ndani ya bomba jembamba la chuma. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake, na kalamu huichorea kilima kwenye karatasi.

Mchumba wangu, Mutua, aliuza unga wa mizizi wa kutibu maungo, nje ya lango la kiwanda kimoja Industrial Area. Vibarua walimpenda. Mama alimpenda zaidi, maana unga ule ulimtuliza magoti hata akarudi kuimba kwaya akiwa amesimama. Mutua aliponiomba niupime, nilikubali kwa furaha.

Kalamu ikachora mlima! Mlima, mahali ambapo mizizi ya aina ile haikuwa imewahi kunionyesha hata kichuguu...

Nilijishuku mwenyewe kwanza. Je, chupa ilikuwa chafu? Nikasafisha bomba, nikarudia. Mlima uleule. Nikapima dawa kali ya maumivu, ile ya vidonge vya dukani. Ikatoka wakati uleule. Nikaichanganya na mchujo wa unga: mlima ukarefuka tu, bila kugawanyika vilele viwili, ishara kwamba ni kitu kilekile.

Hata hivyo nilimtetea moyoni. Labda mzizi wenyewe una kitu kinachofanana na dawa hiyo? Nikamwomba aniletee mzizi mzima, wenye udongo wake.

"Profesa, unataka kuolewa na mimi au na mzizi?" akacheka.

Nami nikacheka... Nilipomsisitizia, kicheko kilimkauka. "Mzizi mtupu haumrudishi mteja," akasema. "Kila mtu pale anachanganya. Wewe andika tu kwamba ni safi. Kwani hatujengi nyumba moja?"

Nilikataa. Ndipo nilipogundua kwamba tangu zamani alikuwa akiwaambia wateja kuwa mke wake wa chuo kikuu ameshaupima! Alinipenda mimi, au alipenda mashine? Swali hilo ninalizungusha kichwani hadi leo.

Nilimsihi Mama auache unga ule. Akanikemea: "Magoti yangu yanajua kuliko mashine yako! Mtoto wa watu amekukosea nini?" Akaendelea kuupata kwa siri. Na Mutua, akijua fika alichotia ndani, akaendelea kumpa!

Asubuhi moja Mama alitapika damu jikoni, akaanguka. Hospitalini waliniambia tumbo lake lina kidonda, wakaniuliza amekuwa akinywa dawa gani ya maumivu. Niliitaja mara moja.

Mama angali wodini, shangazi yangu alinijia na mashauri. Wazee wameshaonana, akasema, mbuzi wameshaletwa. Aibu ya mume haianikwi barabarani. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaenda kwenye lango lile, saa ya chakula cha mchana, nikawaeleza vibarua kilichomo ndani ya unga.

"Madam, mmekosana nyumbani ndio unakuja kutumalizia hasira hapa?" mmoja akapaza sauti, na wenzake wakaangua kicheko.

Nikasubiri kicheko kiishe. Nikauliza ni nani kati yao ambaye tumbo humchoma anapoamka. Mmoja akarudisha pakiti yake kwenye meza ya Mutua. Akafuata wa pili.

"Utazeeka na mashine zako!" Mutua akanifokea.

"Afadhali nizeeke na mama yangu," nikamjibu.

Uchumba ukafia hapo. Mama yu hai. Magoti yanamuuma, na ziko siku ananilaumu kwa hilo. Acha anilaumu, mradi yupo!

Dada zangu mnaoposwa, mkiombwa kunyamaza ili mpendwe, msinyamaze! Wala msimnyweshe mzazi unga ambao muuzaji anakataa kuwaonyesha mzizi wake. Mimi nililia, ndiyo, nililia sana. Lakini nililia nikiwa nimeshasema.