Somo Yupi?

Tulikuwa watu watatu kwenye roshani ya ghorofa ya pili, juu ya mto: mimi, mke wangu, na kaka yake, mchoraji. Wa nne alikuja baadaye, na sina hakika kama ni sawa kumhesabu kuwa mtu.

Mchoraji alikuwa shemeji yangu, na kabla ya hapo alikuwa somo yangu, maana tulipewa jina moja. Tangu utoto tuliitana Somo, yeye mimi na mimi yeye. Jina lenyewe silitaji hapa, kwa sababu itakayoonekana.

Jioni ile alinituma dukani kumletea tapentaini ya kuzimulia rangi. Niliporudi jua lilikuwa linazama, naye anapaka rangi za mafuta kama anayekimbizwa. Mji wa ng'ambo ulikuwa mabaka tu: baka la njano ni dirisha, mkwaruzo wa kijani ni mnara. Ukisogea huoni kitu. Ukirudi nyuma, mji mzima unawaka juu ya maji.

Na maji yalikuwa yanatembea. Nikawaambia.

"Macho hayo," mke wangu akasema. "Juzi uliamkia koti mlangoni, ukidhani mtu."

Nilikuwa nimeona kitu kwenye picha. Chini kabisa ya ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, palikuwa na mtu. Mipako minne ya brashi. Hana uso. Lakini bega la kushoto limeinama kama langu, na kichwani ana kofia yangu.

Harufu ya tapentaini ikakatika. Ikaja harufu ya tope.

To... to... to...

Maji yalikuwa yanadondoka sakafuni kutoka ukingo wa turubai ya picha.

"Somo," nikanong'ona. "Huyu ni nani?"

Hakugeuka.

"Miaka yote picha zangu zilikuwa kuta, Somo. Maji yamekufa. Akaja mtu, akasema atanipa maji, nami nimpe mtu."

"Ukampa nani?"

"Wewe umeshakula chumvi nyingi. Mimi ndiyo kwanza naanza kuona."

Tulizaliwa mwaka mmoja.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

"Aliniambia anataka kofia tu," akasema.

Hakuna aliyemuuliza habari za kofia.

Ndipo tukasikia ngazi za nyumba.

Chap... chap... chap...

Hatua za miguu iliyolowa. Mlango ulikuwa wazi. Akasimama pale mtu mrefu, nguo zimemganda mwilini, maji yanamtiririka, na chini ya miguu yake sakafu kavu. Alisema taratibu, kama aliyejaza maji kinywani.

"Nimeahidiwa somo. Ni yupi?"

Shemeji yangu akaninyooshea brashi.

"Huyo! Huyo ndiye somo!"

Mgeni akanigeukia. "Kweli?"

Shuleni tulifundishwa kwa fimbo kujibu lile lililoulizwa, wala si zaidi.

"Mimi sijiiti somo," nikasema. "Somo yangu ni yule."

Akatutazama. Mmoja. Halafu mwingine. Muda mrefu.

Kisha akashuka.

Chap... chap...

"Umefanya nini, Somo?" shemeji yangu akanong'ona. Akaingia chumbani mwake, akajifungia kwa ufunguo.

Mke wangu alilia usiku kucha. Sikumuuliza anamlilia nani.

Asubuhi, tulipouvunja mlango wa Somo, kofia yangu ilikuwa mtoni kwake, pale anapolaza kichwa, imelowa. Na kwenye picha, yule mtu wa ngazini alikuwa amenyooka bega. Kichwa wazi. Mkononi ameshika kitu chembamba, kama brashi.

Picha bado iko ukutani kwetu. Mke wangu hataki itolewe. Mji umekauka zamani. Baka la yule mtu wa ngazini halijakauka. Mara nyingine humwona akiligusa kwa kidole, akidhani nimelala, akiita polepole jina ambalo ni langu pia.

Nami huwa siitiki.

Somo alifariki alfajiri ile, chumbani mwake, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Daktari aliandika kwamba alikufa maji.