Jiwe la Kwanza la Deshun

Mimi sina mazoea ya kuomba radhi, na hapa sianzi. Nasimulia tu.

Jioni ile nilikuwa natoka sokoni na tofu na pilipili za chakula cha Deshun, mume wangu. Yeye alikuwa ndani ya mgodi, zamu yao inatoka saa moja. Ukungu ulikuwa umeushukia mji wetu, Baishiling, mpaka kwenye mapaa. Nilipofika dukani kwangu nikamkuta mtu amekaa kizingitini. Mfupi, miguu peku, kavaa sare ya mgodini ya zamani ambayo siku hizi huioni tena.

"Duka limefungwa," nikamwambia. "Na hapo ulipokaa ndipo napopita."

"Dada, nimekuja kuliona jiwe."

"Humo ndani kuna mawe mia tatu. Lipi?"

"Lililokuja jana. Ndani ya kopo la wali."

Jiwe lile tulikuwa tunalijua wawili tu, mimi na Deshun.

Huku kwetu kampuni inachimba madini yake, lakini sisi wengine tunaishi kwa floraiti, mawe ya rangi yanayoota kama vioo vyenye pembe ndani ya matundu ya mwamba. Mchimbaji akipasua tundu jipya, jiwe la kwanza aliloligusa halitoki. Analiacha mlemle, analisiliba kwa tope, ndipo anachukua mengine. La kwanza ni la mwenye mlima. Wote hufanya hivyo, hata wanaojidai hawaamini kitu.

Deshun alipasua tundu, akafanya kosa la kunisimulia. Kijani kama chai changa, alisema, kingo za zambarau, pembe zote nane nzima, ukubwa wa ngumi. Sikupata usingizi. Nina kabati la mawe nisiyoyauza, ya kutazama mwenyewe, na jiwe kama hilo sikuwa nalo. Nikamwita mwoga. Nikamwambia mume wa Bi Hou angekuwa ameshalileta. Bi Hou ni muuza mawe wa ng'ambo ya barabara, na mwaka wa tisa huu hatusalimiani. Basi jana yake Deshun akalileta, kalifukia ndani ya wali wake. Na chakula cha usiku hakukigusa.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza yule mtu. "Hou?"

"Sikutumwa. Nilione, halafu nilirudishe. Kabla watu hawajatoka."

"Nikikataa?"

"Kuna mtu atabaki badala yake."

Alilisema hilo taratibu, kama anayekutajia bei ya chumvi. Hasira zikanipanda. Nikawaza, Deshun kalewa kaporoja, na Hou kaokota mhuni wa kunitisha. Nikafungua mlango. Nilitaka nimuumbue.

Sisi tukikagua jiwe tunajifunika blanketi, muuzaji na mnunuzi, vichwa viwili gizani na tochi ya mwanga wa zambarau. Tochi ile haidanganyiki. Floraiti yenyewe inawaka bluu, na kama jiwe liliwahi kuvunjika likaungwa, gundi inajitokeza mstari mweupe. Nikalitoa jiwe, nikatufunika wote wawili. Nikawasha.

Jiwe likawaka bluu tupu. Mstari hata mmoja hakuna. Nikasahau hasira, nikasahau niko na nani. Nilitaka kulia kwa jinsi lilivyokuwa zima.

Halafu nikasikiliza... na nikasikia pumzi.

Moja tu.

Yangu.

Harufu ikanijia puani, tope baridi na moshi wa baruti, harufu ya ndani kabisa ya mgodi. Nikageuza tochi polepole. Meno ya binadamu chini ya mwanga ule huwa meupe. Yake yalikuwa bluu. Na macho yake pia. Bluu ileile ya jiwe, inawaka kutokea ndani.

"Dada," akanong'ona. "Zuri, eh?"

Nikalitupa blanketi. Taa ya dukani ikanionyesha mtu wa kawaida anayetazama viganja vyake. Saa ya ukutani ilisema kumi na mbili na nusu.

Mtu mwenye akili angempa jiwe lake na kumwomba msamaha. Mimi meno yananigongana, na bado mkono ukagoma kuliachia. Nikasema, "Ngoja nilifunge vizuri."

Kule chumba cha nyuma nilikuwa na jiwe jingine, pacha wake kabisa. Mwaka juzi lilitoka mgodini likiwa la baridi, nami kwa haraka zangu nikaliosha kwa maji ya moto. Likapasuka vipande saba. Nililiunga mwenyewe mwezi mzima, kwa gundi ninayoichanganya mwenyewe, na wajuzi wa mjini Chenzhou walilishika wakalisifu. Ndilo nililolifunga, kwa karatasi laini, kisha kwa gazeti. Nimeshawapiga wengi changa la macho. Nikaona na huyu atapita humo humo.

Akalipima mkononi.

"Ni zima?"

"Zima."

"Umelitazama mwenyewe?"

"Kwa macho yangu."

"Haya. Na mimi nitakurudishia kama ulivyonipa."

Akatoka. Hakufika hata barabarani, ukungu ukamla. Nikakaa na jiwe langu mapajani, nikaanza kukata tofu, najiambia nimeshinda.

Mlima ukaguna.

Sauti ya chini sana... ikapita nyayoni, vikombe vikagongana rafuni. Kisha king'ora.

Nilikimbia na ndala. Getini wanawake walikuwa wamejaa. Bi Hou akanishika mkono, nikaupokonya. Wanaume wakatoka mmoja mmoja, nyuso nyeupe kwa vumbi. Deshun hayumo. Msimamizi wao, Mzee Tan, akanijia ameshika kofia mkononi.

"Shemeji..."

"Yuko wapi?"

"Mwamba umemshukia. Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Nimemwona, shemeji. Nimemwona alivyotawanyi..."

Nyuma yake, kwenye mdomo wa mgodi, Deshun akatoka.

Anatembea. Peke yake. Hana hata mkwaruzo.

Hakuna aliyemsogelea. Mzee Tan alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Twende nyumbani, Lan," Deshun akaniambia. "Nina njaa."

Nilimkumbatia pale pale mbele ya watu, nikalia kama sina haya. Nilikuwa namtaka mume wangu kuliko jiwe lolote duniani, na nilikuwa nimechelewa kulijua hilo. Mwili wake ulikuwa wa baridi. Nikaweka pua shingoni kwake, na harufu ile naijua. Kidole changu kikapita chini ya taya. Kulikuwa na mstari, mwembamba kuliko unywele, umesuguliwa vizuri. Kazi safi, kama yangu.

Asubuhi nilipeleka jiwe la kwanza mpaka mdomoni mwa mgodi. Nikapiga magoti, mimi huyu, nikaomba. Limekaa pale siku tatu linanyeshewa. Wachimbaji wanalipita kwa mbali. Hata Hou halitaki.

Deshun hajambo. Anakula, ananitania kwamba nimenenepa, hakumbuki lolote. Ila birika la maji ya moto nimelificha.

"Unaninyima hata maji ya kuosha miguu?" ananiuliza. "Wewe ni mke wa namna gani?"

"Maji baridi yanaimarisha mwili," namjibu, nikitazama pembeni.

Gundi yangu inalainika kwa joto. Na mwezi wa saba huku kwetu hata kuta zinatoa jasho. Sasa hivi tuko wa sita.

Leo asubuhi kaamka kabla yangu. Nimefumbua macho nikamwona anapekua shuka, anapapasa chini ya mto, taratibu, kama mtu aliyeangusha kifungo. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Kidole changu kidogo," akasema. "Jana kilikuwepo."

Nikamwambia akae kwenye kiti, atulie, asisogee. Nikaenda kuchanganya gundi.