Nilimwambia Ni Panya Aliyekata Waya

"Mama! Nani amekata hii waya?!"

Hesbon alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, miguu peku, ameshika ncha mbili za waya mweusi.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nikikata sukuma wiki. Na kisu kilichokata ule waya ndicho hicho hicho nilichokuwa nimeshika...

"Ni panya," nikamwambia.

Ndiyo, wapendwa. Nilimdanganya mtoto wangu mchana peupe, tena bila kupepesa macho! Lakini kabla hamjaanza kunitusi huko kwa comments, hebu nisikilizeni kwanza.

Naitwa Phelista, mjane, wa hapa Bokoli. Wasichana wangu wawili wameolewa mbali. Aliyebaki ni Hesbon, kitinda mimba wangu, ana miaka ishirini na sita. Kazi yake ni ya mtandaoni: anasikiliza sauti za watu wa ng'ambo na kuziandika kwa laptop.

Zamani WiFi yetu ilikuwa inashika sebuleni tu. Kwa hivyo mchana kutwa Hesbon alikaa pale kwenye kochi, earphone masikioni, mimi kando yake nikichambua maharagwe. Hatukuwa tunaongea sana. Lakini akitoa earphone akaniuliza, "Mama, si kuna chai?" mimi huyo mbio kama msichana wa miaka kumi na minane!

Hizo ndizo zilikuwa siku zangu nzuri, na sikujua.

Januari akamleta fundi kutoka Kitale, kijana mmoja anaitwa Kipkirui, ili wapeleke mtandao mpaka kwenye simba yake, kile kijumba chake cha ujana, kule nyuma ya migomba. Walikuwa wamejaribu kale kamashine ka kuongeza nguvu, kakashindwa.

"Mama, hizi mabati zinameza network," Kipkirui akaniambia. "Lazima tuvute waya."

Wakatoboa fremu ya dirisha langu la jikoni, wakapitisha waya, wakaufukia ndani ya paipu katikati ya sukuma zangu. Mita arobaini. Mimi nikawachinjia kuku, nikashangilia nao!

Kumbe nilikuwa namsindikiza mtoto wangu.

Kesho yake kochi lilikuwa tupu.

Na sisi Wabukusu mnatujua. Kijana akishatahiriwa akajenga simba yake, mama yake hakanyagi humo ndani. Mwisho wako ni mlangoni. Kwa hivyo kila siku mimi na sahani yangu tuliishia mlangoni.

"Hesbon, chakula!"

"Weka tu hapo mama, nakuja."

Narudi baadaye... kuku wamedonoa ugali wote.

Ikafika mahali hata kuita nikaacha. Nikawa namwandikia WhatsApp, "Chai iko tayari." Ananirudishia kidole gumba. Mita arobaini, jamani! Kidole gumba!

Miezi mitano nilikula peke yangu nikijibizana na redio. Upweke unauma, msiucheke. Nilianza kuuchukia ule waya kama mke mwenza.

Basi Alhamisi moja, kama saa nne asubuhi, nikautazama pale unapotokea dirishani. Nikajiambia, huu ukikatika, si atarudi kwenye kochi? Mandazi yako tayari, chai iko kwa thamosi...

Kap!

Dakika mbili hazikuisha, ndipo akatokea na zile ncha mbili mkononi.

"Panya?! Mama, niko kwa interview!"

Akatupa waya chini, akakimbia kuchukua laptop, akaja akaketi kwenye kochi. Lile lile kochi! Akabonyeza, akabonyeza... Baada ya dakika kumi hivi nikasikia sauti ya mwanamke ikiongea Kiingereza cha upole. Hesbon akasema asante, akafunga laptop taratibu.

"Wamesema nini?"

"Wamechukua mwingine. Hiyo kazi ni ya kufanyia nyumbani, mama. Mtu wa network kupotea hawamtaki."

Siku hiyo alishinda kwenye kochi mpaka jua likatua. Si nilimtaka pale? Nilimpata. Nikamwekea chai, ikapoa mpaka ikafanya utando juu.

Jirani yangu Edah akaja kutupa pole.

"Hizi panya za siku hizi, bana! Zinakura hata simiti!"

Na mimi nikaitikia, "Kweli kabisa." Aibu gani hii!

Wiki mbili baadaye, waya bado haujaungwa, Hesbon akafunga begi, akahamia Kitale kuuza vifaa vya umeme dukani.

"Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi, mama."

Miezi miwili sasa. Hajakuja.

Juzi nikampigia Kipkirui aje aunge waya. Nilidhani ukiungwa tu, Hesbon atarudi. Fundi akainama, akazitazama zile ncha, kisha akanitazama mimi.

"Mama, panya haitafuni hivi. Hii ni kisu."

Nikainama nikaanza kung'oa kwekwe.

"Na hata Hesbon anajua. Alinitumia picha siku hiyo hiyo."

Akaendelea, bado ameshika zile ncha:

"Unajua ni kwa nini tulivuta hii waya? Hiyo kazi ya Kitale alipewa tangu Desemba. Akakataa. Aliniambia, 'Kip, siwezi acha mathe peke yake. Wacha nitafute kazi nzuri ya mtandao nikiwa hapa home. Shida ni sebuleni, redio na kuku zinanichanganya, nakosea kuandika, wateja wanalalamika.'"

Nilikaa chini pale pale kwenye sukuma...

Waya nilioukata ndio uliokuwa unamshikilia mtoto wangu nyumbani!

Nikampigia simu.

"Hesbon... ule waya. Ni mimi nilikata."



"Najua, mama."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Niliuliza. Ukasema ni panya."

Nililia, na nikamsikia yeye pia akivuta kamasi.

"Nilikuwa nimekumiss tu, mwanangu."

"Mama, si ulikuwa unaniona kila siku?"

"Nilikuwa naona mlango."

Kisha akasema polepole, "Ungesema tu, mama. Ningekuja."

Wazazi wenzangu, ukimkosa mtoto wako, mwambie kwa mdomo. Usimtegee mitego. Na nyinyi vijana, mama akikuita chai, mara nyingi hata si chai anataka. Inuka uende.

Haya yote nayaandika nikiwa kwenye kigoda nje ya simba yake. Kipkirui ameunga waya, WiFi inashika hapa vizuri kuliko hata sebuleni. Mlango una kufuli. Kupitia dirishani naona kale ka-taa ka kijani ka WiFi kakiwakawaka, hakana mtu wa kukatumia.

Asubuhi nilimwandikia, "Chai iko tayari." Nilijua yuko Kitale, lakini niliandika tu.

Akanijibu kidole gumba.

Nimekitazama hicho kidole mpaka chai yangu ikapoa.