Hashtagi Tatu za Kisasi

Kijiko kiligonga kikombe gizani. Kikagonga tena, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Mama Kidoti alifumbua macho, akasikiliza. Mlangoni pakatokea kivuli kifupi kimeshika kikombe kwa mikono miwili, na kwa kila hatua chai ilimwagika kidogo sakafuni.

"Mama, nimekukorogea chai. Leo siku yako."

Chai yenyewe ilikuwa ya jana, vuguvugu, kutoka kwenye chupa. Kidoti alikuwa bado hafikii swichi ya taa. Alipapasa kabatini, na kati ya makopo mawili yanayofanana akachukua lile la chumvi. Mama yake alipoonja, ulimi ulijikunja wenyewe. Mtoto alikuwa amesimama pale pale anasubiri, pua karibu iingie kikombeni.

"Tamu?"

"Tamu sana, mwanangu," akasema, akainywa mpaka tone la mwisho.

Siku yenyewe ilikuwa ya maonyesho ya samani. Mama Kidoti alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilikuwa sebule yake. Kidoti alilala kwenye kona, kati ya sponji na makochi ya watu yaliyovuliwa nguo. Oda moja tu kubwa, ya hoteli au ya ofisi, ingemwezesha kukodi chumba cha kazi na mtoto akapata pa kunyoosha miguu. Hilo ndilo alilokuwa akiliombea kila alipofunga macho.

Ukumbi ulijaa watu, kelele na harufu ya vanishi. Mama Kidoti aliingia na gauni la kijani lililomkaa kiunoni, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, kiti amekikumbatia hata haoni mbele. Kidoti alimfuata nyuma, ameshika pindo la gauni. Mguu wa kiti ukanasa kwenye mguu wa kamera ya mtu.

"Wee dada! Kamera yangu!"

"Kamera yako imesimama njiani."

"Na wewe umevaa kiti usoni."

"Ulitaka nikitie mkobani?"

Yule mtu akacheka. Alikuwa mrefu, shati la kitani limekunjamana kama lililolaliwa, kiatu kimoja kina kamba nyeusi, kingine nyekundu. Alimsaidia kukishusha kiti, kisha akasahau kukiachia. Kilikuwa kiti kikuukuu kilichookotwa jalalani, kikavishwa upya kwa vipande vya suti za wanaume: mistari, drafti, kijivu cha ofisini. Kwenye mkono wa kiti, mfuko wa koti ulikuwa umeachwa mzima. Akatumbukiza vidole, akatoa pipi.

"Hiyo yangu!" Kidoti akapiga kelele.

"Samahani, bosi." Akairudisha. "Nani kakitengeneza hiki?"

"Mikono unayoiona," Mama Kidoti akajibu.

"Basi naomba namba ya simu ya hiyo mikono."

Ndivyo walivyoanza. Kidoti alimwita Anko Picha, na jina likamganda. Alikuwa mpiga picha za bidhaa, sufuria na viatu na sabuni, na alikuwa na duka moja kubwa la samani lililompa kazi kila mwezi. Jioni, Mama Kidoti alipotoka kwenye darasa lake, simu ilikuwa imeshaanza kuita.

"Umefika, malkia?"

"Nimefika. Umekula?"

"Nitakulaje hujaniambia umefika?"

"Acha uongo wako! Nasikia unatafuna."

Darasa hilo la jioni lilikuwa la kujitangaza kwenye ule mtandao wa wanataaluma, ambako hata mtu aliyeachishwa kazi jana anasimama na tai na kutabasamu. Kila alichofundishwa, alikimwaga kwenye simu usiku uleule.

"Leo tumesoma hashtagi. Zile alama za reli."

"Hizo nazijua. Mimi naweka ishirini na kitu."

"Ndiyo kosa lako! Mwalimu kasema tatu zinatosha, zikizidi sana tano. Ukiandika #Mafanikio, unapiga kelele sokoni, nani atakusikia? Ukiandika #SamaniZaHoteli, unagonga mlango wa anayetafuta samani za hoteli. Yeye ameifuata hiyo, kwa hiyo inamfikia. Kwanza useme neno lako, reli zije mwisho."

"Zikiwa nyingi si watu wengi ndiyo wataona?"

"Hashtagi ni kama chumvi, mpenzi. Wewe unamwaga kopo zima."

"Basi nipikie wewe," akasema kwa sauti ya chini, na Mama Kidoti akaficha uso kwenye mto kama msichana wa shule, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Alikuwa hajacheka hivyo tangu baba Kidoti alipoondoka. Bwana huyo hakuondoka mikono mitupu. Alichukua jina la karakana waliyoianza wote wawili, akachukua wateja, akasimama mbele za watu kusema kazi zote zilikuwa zake. Mama Kidoti alijiapiza siku hiyo kwamba mtu wa pili hatafika mbali. Atamwangusha akiwa bado mlangoni.

Basi asubuhi moja, misumari midogo imejaa mdomoni na nyundo mkononi, aliona picha ya kiti chake kwenye ukurasa wa Anko Picha. Kiti kilipendeza kuliko alivyokijua yeye mwenyewe. Juu yake lilikuwa jina la mpiga picha na uso wake unacheka. Chini yake ilisimama foleni ya reli: #Samani #Ubunifu #Mafanikio #Ndoto #Kazi #Jumatatu #Sanaa, zikaendelea mpaka mwisho wa kioo. Jina lake yeye halikuwepo.

Akashuka kwenye maoni. "Hongera kaka, mikono ya dhahabu!" "Kumbe na kushona unajua!" Na la mwisho, kutoka kwa meneja wa hoteli inayofunguliwa: "Tunahitaji viti arobaini vya namna hii. Nimekuandikia pembeni."

Viti arobaini. Mama Kidoti alitema misumari mmoja mmoja kiganjani. Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena, ikawa inaita tu, kama simu ya mtu anayeiangalia na kusonya.

"Haya," akasema taratibu. "Umeniona mimi ni daraja, upite juu yangu."

Hakulia. Alinawa mikono, akavaa kilemba, akakaa kwenye kochi la mteja. Mwalimu alikuwa amewaambia wamjue wanayetaka awasome kabla hawajaandika neno. Yeye alimjua vizuri. Alitaka asomwe na kila anayemlipa Anko Picha. Akachagua picha za kiti kikiwa jalalani, kikiwa mifupa mitupu, na yeye mwenyewe amepiga magoti na misumari mdomoni. Akaandika mistari minne. Mstari wa kwanza ulisema: "Huyu mpiga picha ni mwizi, na kiti alichoiba ni changu." Mwisho akaweka hashtagi tatu, kama mtu anayepigilia misumari mitatu: #PichaZaBidhaa, #SamaniZaHoteli, #HakiYaMbunifu. Akabonyeza.

Moto uliwaka kabla ya chakula cha mchana. Wapiga picha wakamlaani mwenzao. Wenye maduka wakaitana waje kuona. Mama Kidoti alishona huku anasoma, na kila tusi lilipoingia aliuvuta uzi ukakaza. Lile duka kubwa la samani lilipoandika kwamba halifanyi kazi tena na mtu wa aina hiyo, alipiga kofi moja kubwa la furaha, na Kidoti akapiga lake bila kujua wanashangilia nini.

Saa kumi simu ikaita. Yeye.

"Mpenzi, ndiyo natoka kiwandani, simu zinaachwa getini. Kuna nini? Umesoma nilicho..."

"Nimesoma vya kutosha!"

"Lakini umesoma mpaka..."

"Viti arobaini utavishona na lenzi yako?"

Akakata, akamfungia namba, akamfungia na ukurasa. Jioni ile alilala kama mtu aliyeshiba.

Shibe hiyo ilidumu mpaka keshokutwa yake, alipopigiwa na mwanamke mwenye sauti ya haraka.

"Mama Kidoti? Mimi ndiye meneja wa ile hoteli. Nina namba yako tangu siku ile, nimechelewa tu kukutafuta. Viti arobaini utaviweza?"

"Naviweza. Umenipata kwa hashtagi, eh? Samani za hoteli?"

"Hapana, dada. Nilikupata kwa yule kijana. Nilimwandikia pembeni, akanijibu hapohapo: kiti si changu, fundi ni huyu, namba hii. Halafu naona umemwita mwizi. Nikashangaa, maana na kwenye ukurasa wake alikutaja."

"Wapi? Hakunitaja!"

"Chini ya zile takataka zote. Bonyeza 'soma zaidi'."

Mama Kidoti aliaga kwa adabu, akamfungulia ukurasa yule aliyemfungia, akaingia. Foleni ya reli ilikuwa pale. Mwisho wa kioo, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa na hayo maneno mawili. Akayabonyeza. Reli zikaendelea, zikaisha, na chini yake kabisa, kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia, pakatokea maandishi:

"Kiti hiki kimetengenezwa na Mama Kidoti, fundi wa makochi. Mimi nimepiga picha tu. Nimeona kazi za mafundi wengi, sijaona mkono kama wake. Anayetaka viti ampigie yeye, namba yake hii."

Alisoma mara ya pili. Kidoti akamvuta mkono kuomba maji, hakusikia.

Alifuta maandishi yake. Kisha akajua kufuta hakutoshi, waliosoma walishasoma. Akaandika upya: "Nilimwita mwizi mtu mwaminifu, kwa sababu nilisoma nusu. Alinitaja. Mkosaji ni mimi." Alipofika mwisho akaziweka hashtagi zilezile tatu, matusi yalipopita na samahani ipite hapohapo. Akamfungulia namba, akangoja.

Alingoja wiki nzima. Siku simu ilipoita alikuwa yeye, lakini kwa sauti ya mtu wa benki.

"Nimesoma."

"Ulisoma yote?"

"Mimi husoma mpaka mwisho, madam."

Madam! Neno lilimchoma kuliko sindano ya makochi.

"Lile duka limekurudia?"

"Duka limenirudia. Mimi sijakurudia. Hoteli wanataka picha za viti vikiwa vinashonwa. Nitakuja Ijumaa, kikazi."

Alikuja Ijumaa kikazi kweli. Wakati huo Mama Kidoti alikuwa ameshakodi chumba cha kazi kwa oda ile, chumba chenye dirisha pana, jiko dogo nyuma na viti ishirini vimepangwa kama wageni wa harusi. Yeye alivaa gauni lile lile la kijani, makusudi. Anko Picha alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, na viatu vyenye kamba za rangi moja. Alikuwa amejikaza kila upande.

"Madam, geuka kushoto. Madam, inua nyundo. Madam, usinitazame mimi, tazama kazi."

"Hivi hilo madam litaisha lini?"

"Litaisha siku nitakayosahau. Unajua mama yangu alinipigia kuniuliza kama kweli nimeanza kuiba viti?"

Mama Kidoti akashusha nyundo. "Nisamehe. Kwa mama yako nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu. Lakini na wewe nijibu: nani alikutuma unizike chini ya reli zote zile? Nilikwambia neno kwanza, reli mwisho. Nilikwambia tatu!"

"Nilitaka dunia nzima ikuone."

"Dunia iliona Jumatatu, ikaona Ndoto. Mimi sikuonekana hata na mimi mwenyewe."

Anko Picha akashusha kamera. Akajifanya anafuta lenzi, na lenzi ilikuwa safi.

"Anko Picha," Kidoti akauliza kutoka sakafuni, "umemkasirikia mama?"

"Nimemkasirikia sana, bosi."

"Mpaka lini?"

"Bado nafikiria."

"Kaa unywe chai wakati unafikiria," Mama Kidoti akasema, akaingia jikoni.

Alimimina chai ya moto, nzuri, ya rangi. Akanyoosha mkono kwenye sukari, akasita. Alikumbuka zile madam zote alizoitwa tangu asubuhi, mbele ya mtoto. Alikumbuka wiki nzima ya kutazama simu. Samahani alishaomba mbele ya watu wote. Hili lilikuwa deni lingine. Akasogeza mkono mpaka kopo la pili. Akatia kijiko kimoja, akaongeza cha pili kilichojaa, akakoroga mpaka kijiko kikaimba.

"Karibu," akasema, na kujikalisha mbele yake ili asikose kitu.

Anko Picha alipiga funda. Jicho moja lilijifinya, akalifungua kwa nguvu. Alimtazama Mama Kidoti, na Mama Kidoti alimtazama, uso mkavu kama ubao. Akapiga funda la pili. La tatu. Shingo ilipanda na kushuka, jasho likamtoka juu ya mdomo, lakini kikombe hakikukaa chini. Alikunywa kama mtu anayelipa. Ilipobaki kidogo ndipo alipopumua.

Mama Kidoti alihisi macho yanamjaa maji. Yeye aliijua chai ile. Aliwahi kuinywa gizani, bila kukunja uso, na alijua vizuri kwa nini mtu huimaliza.

"Mama Kidoti," Anko Picha akaita, na lile madam halikuwepo tena.

"Abee."

"Chai ya hapa ningeinywa kila asubuhi, ukinikubalia. Mama yangu nimeshamwambia ajiandae kuonana na wewe."

"Kila asubuhi? Hii hii?"

"Hii hii. Utakavyoitengeneza."

Kabla hajapata la kujibu, Kidoti alikuwa amekivuta kikombe, akapiga funda lililobaki, akakunja uso mzima mpaka masikioni.

"Mama, hii chai ina chumvi."